Uwakala wa wachezaji ukiwa huku Mtwara: yaliyonikuta

Mdogo wangu wa Masasi umeuliza kama mtu anaweza kuwa wakala wa wachezaji na makocha bila kuhamia Dar. Anaweza. Mimi nipo Mtwara, na vijana wangu wa kwanza niliwapata kwenye mechi za jioni za mtaani, siyo pale uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Leseni kwanza. Mwaka 2023 FIFA walirudisha mtihani: maswali 20 ya kuchagua, saa moja, ukipata 15 umepita. Kiswahili hakimo, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, anzia hapo.

Kuhusu hela usidanganywe na picha za mitandaoni. Kanuni za FIFA za mwaka 2023 ziliweka ukomo wa malipo ya wakala: asilimia 5 ya mshahara, kwa mchezaji anayelipwa dola zisizozidi 200,000 kwa mwaka. Ukomo wenyewe ulisimamishwa mwisho wa mwaka huohuo kwa sababu ya kesi za Ulaya, ila wewe pigia hesabu hiyohiyo. Mchezaji wa laki tano kwa mwezi anakupa laki tatu kwa mwaka mzima. Toa nauli za Dar, toa vocha. Mimi msimu wa korosho bado naingia shambani.

Sasa lililoniuma. Kabla ya leseni nilikuwa namsaidia wakala mmoja, tukampeleka winga wa Mikindani kwenye timu fulani. Dau la kusaini milioni 4. Mkataba nikaupeleka kwa mama yake, nikamkuta barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Akakataa kuushika. "Nisomee wewe mwanangu, nitakuchafulia." Nikasoma. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo milioni 4 mbona sijaisikia? Umesoma moja na nusu." Nikamwambia iliyobaki tumekubaliana kwa mdomo, viongozi ni waungwana.

Moja na nusu ililipwa. Iliyobaki mpaka leo. Nilitaka kupeleka malalamiko TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mwanasheria akaniuliza swali lilelile la mama: imeandikwa wapi?

Makocha nao ni hivyohivyo, ila kwao kipengele cha kusoma mara tatu ni cha kuvunja mkataba, maana timu ikifungwa mechi nne mfululizo ndicho kitakachosomwa.

Yule winga sasa ana wakala mwingine. Mama yake tunasalimiana vizuri tu, lakini nikipeleka mkataba kwa mzazi yeyote siku hizi, tarakimu namwonyesha kwa kidole.