Jibu: Jasho la usiku, ni dawa au ni umri?

Pole dada angu, umeuliza hilo jasho la usiku kwenye miaka 49 ni ARV, hizi dawa zetu za virusi vya ukimwi, zimegoma au ni hedhi inakata, mi yalinikuta hayohayo nikiwa na 50 yani nshaanza kugawa vitenge vyangu kichwani loh. Naamka saa nane shuka limelowa chapachapa, nikajua basi virusi vimepanda. Kwenda kupima wingi wa virusi, havionekani kabisa! Ni umri tu. Dada yangu wa tumbo moja hana virusi na yeye alikua anashika kipepeo cha ukili hadi msibani, ila yeye hakuogopa kama mi.

Lakini usikae nalo nyumbani, pale CTC, kliniki tunakochukulia ARV, wanauliza jasho la usiku kila ukienda kwa sababu ya TB (kifua kikuu), sasa we usijibu hapana ili uwahi kutoka, sema ndio wakucheki. Na ukavu huko chini sema pia, vilainishi vipo, mi nilimwonea aibu nesi umri wa mwanangu nikateseka mwaka mzima. Alafu hedhi ikiruka usijiachie, mimba inaingia bado mpaka utimize miezi 12 mfululizo bila damu. Vidonge vya ARV usiruke hata siku moja.