Panzer IV ya 1/35: shaba iende wapi, kopo la soda liende wapi

Mkuu, nimeona swali lako. Una modeli ya plastiki ya Panzer IV Ausf. H, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya skeli 1/35, umeagiza na karatasi ya vipande vya shaba vilivyokatwa kwa asidi, na sasa hujui uanzie wapi. Unauliza kama ni lazima uvitumie vyote, na kama sketi za ubavuni, yaani yale mabamba membamba yanayoning'inia kukinga ubavu, ambazo hazimo kwenye hiyo karatasi, unaweza kujitengenezea bila kuagiza tena nje.

La kwanza hapana. La pili ndiyo, tena zitakazotoka mikononi mwako hazitakuwa na aibu yoyote mbele ya za dukani.

Kabla hujakata chochote, chukua kikokotoo. 1/35 maana yake kila kipimo cha kifaru cha kweli unakigawa kwa 35. Zile sketi Wajerumani walizifunga mwaka 1943, hasa kwa ajili ya bunduki za Warusi za kupigia vifaru, zenye risasi ya milimita 14.5. Bamba la ubavuni lilikuwa na unene wa milimita 5, na lile la kuzunguka mnara wa mzinga milimita 8. Gawa 5 kwa 35, unapata 0.14. Sasa pima sketi ya plastiki iliyo ndani ya boksi lako. Kipande chenye unene wa milimita 1 tu ni sawa na bamba la milimita 35 kwenye kifaru halisi, wakati ubavu wenyewe wa Panzer IV ni chuma cha milimita 30. Yaani nguo imekuwa nene kuliko mwili.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokuamulia kila kitu. Shaba ina faida moja kubwa, wembamba. Kitu ambacho kwenye kifaru cha kweli ni bati, yaani sketi, ncha za madigadi, mikanda ya kufungia zana, wavu wa kuingizia hewa, kifae shaba au kitu chembamba kama shaba. Kitu cha mviringo au kinene usikiguse na shaba. Watengenezaji wa hizi karatasi, hata wale wazuri kama Eduard wa Cheki na Aber wa Poland, lazima kila kitu kitoke kwenye bati bapa, basi utakuta mishikio na vyuma vya duara vimechorwa humo humo. Ukivibandika, ukitazama kutoka pembeni vinapotea kabisa. Hivyo viache kwenye fremu, tumia waya.

Madigadi ndiyo yanayowachosha watu. Karatasi yako huenda inakutaka ung'oe yale ya plastiki yote, uweke ya shaba kutoka mbele hadi nyuma. Mimi nakushauri usifanye. Bati refu namna hiyo likipinda kidogo katikati halirudi, na sehemu kubwa itafunikwa na sketi na zana. Bakiza ya plastiki, kisha pitisha tupa upande wa chini wa ukingo, kwa mshazari, mpaka ukingo unaoonekana uwe mwembamba. Badilisha vile vipande vya mbele vyenye bawaba peke yake. Hivyo kwenye vifaru halisi vilipinda na kung'oka kila siku, na shaba inapinda kama bati kweli, kitu ambacho plastiki haitakupa.

Ila shaba ya karatasi ni kaidi, inarudi ilikotoka. Ilainishe kwanza. Ishike kwa koleo juu ya moto wa jiko la gesi, ikianza kuwa nyekundu iliyofifia itoe mara moja, maana bati jembamba likizidi hapo linayeyuka mbele ya macho yako. Iache ipoe, loweka kwenye siki weusi utoke. Baada ya hapo unaweza kuikunja hata kwa kucha. Vipande vinavyotakiwa kunyooka, kama reli ya kuning'inizia sketi, usivilainishe, na ukivikunja uvibane kati ya rula mbili za chuma.

Kuhusu kuunganisha: supagluu inashika ukivuta, lakini kipande kikigongwa kwa pembeni kinabanduka. Kwa kamkanda kadogo inatosha. Kwa vishikio vinavyobeba sketi, hapana, pale choma kwa risasi, yale madini ya kuyeyusha. Nenda kwa fundi simu yeyote, akuuzie risasi ile nyembamba ya kuchomelea na kakopo ka flaksi, dawa ya kuisaidia risasi ishike. Kwangua shaba kwa msasa hadi ing'ae, paka flaksi kwenye maungio, kata kwa wembe kipande cha risasi kisichozidi milimita moja, kiweke hapo, gusa kwa kile chuma cha moto. Risasi ikiyeyuka inakimbilia yenyewe kwenye ufa. Isipokimbia, tatizo ni uchafu wala si moto mdogo, kwa hiyo usiendelee kuibana, rudi kwenye msasa. Ukimaliza osha kwa maji na sabuni, flaksi ikibaki rangi haitashika.

Sasa sketi. Ukuta wa kopo la soda una unene wa karibu milimita 0.1, ambao kwa skeli yetu ni milimita 3.5. Haufiki 5, lakini hakuna jicho litakalokudai tofauti hiyo. Kata juu na chini kwa mkasi, pasua ubavu, utapata karatasi moja ya alumini. Taabu yake ni kwamba inajikunja kama inataka kuwa kopo tena. Dawa yake ni sabuni ya mche: paka upande mmoja sabuni kavu, pitisha karatasi juu ya moto huku ukiihamisha hamisha, sabuni ikigeuka nyeusi acha. Hapo alumini imelainika bila kuyeyuka. Fanya nje, maana rangi ya kopo na ile ya ndani vinaungua na moshi wake si wa kuvuta. Kisha ilaze juu ya kioo na uiviringishie chupa hadi ilale.

Usijichoshe kutafuta michoro. Zile sketi za plastiki ulizozikataa ndizo kielelezo chako. Zilaze juu ya alumini, zungushia kwa ncha ya sindano, hasa ile kona iliyokatwa mshazari mbele na nyuma. Kata kila bamba peke yake, usikate ubavu mzima halafu ukachora mistari, kwa sababu uzuri wote uko pale ambapo bamba moja limepandana na jirani yake na lingine limeachia kidogo. Kona za chini zikunje kwa kibano, kidogo tu, na za mbele uzikunje kuliko za katikati. Jambo la kukumbuka: risasi ya fundi simu haishiki alumini. Kulabu za nyuma ya bamba zibandike kwa supagluu, na upande wa kubandikia uwe umepitiwa msasa.

Bolti na riveti. Kuna vifaa vya kupigia visahani vya plastiki, bei yake ya kutisha. Nunua duka la dawa sindano mpya ya geji 21, ile yenye kitako cha kijani. Tundu lake lina kipenyo cha karibu milimita 0.5, sawa na kichwa cha bolti cha milimita 18 hivi. Kata ncha ya mshazari, nyoosha kwa tupa, noa ukingo, halafu bonyeza juu ya plastiki nyembamba ukizungusha. Kisahani kinabaki ndani, unakisukuma kwa waya. Plastiki ya kazi hiyo ni ya vikombe vya yoghati, ila si vyote: weka tone la gundi ya modeli, ikilainika inafaa, isipolainika tupa.

Kamba ya chuma ya kuvutia sokota mwenyewe kwa nyuzi za shaba nyekundu kutoka waya wa zamani wa spika. Eriali ya fimbo ilikuwa mita 2, kwa hiyo yako ni milimita 57. Vuta kijiti cha ile fremu ya plastiki inayoshika vipande vya modeli juu ya mshumaa, ukate kipande kilichonyooka. Vijiti hivyo hivyo, vikilainishwa kwa gundi na kuchomwachomwa kwa ncha ya kisu, vinatoa mshono mzuri wa welding.

Vishikizo vya zana, vile vyenye vipande vitatu vitatu vya kukunja? Fanya vya ubavu utakaowaonyesha watu. Najua wapo watakaonibishia hapa, sawa, lakini sketi zikishafungwa wewe mwenyewe hutaviona.

Halafu amua mapema kama kifaru chako ni cha kipindi cha Zimmerit, ule udongo wa mistari wa kuzuia mabomu ya sumaku, uliopakwa viwandani kuanzia Septemba 1943 hadi Septemba 1944. Kama ni hivyo, pati ya epoksi ya kuuigiza udongo huo ipakwe kabla ya vipande vya shaba. Ukigeuza utaratibu utakuwa unachimba pati kwenye kila bawaba.

Rangi: praima kwanza, ya kopo la magari inafaa kabisa, kwa matabaka mepesi. Bila praima utaivua rangi ya shaba kwa kidole. Sketi zipake zikiwa zimetolewa, minyororo na magurudumu yamekamilika kwanza, kisha ndiyo uzitundike. Na usizitundike zote. Picha za vita zimejaa Panzer IV zilizopoteza bamba hili au lile, kwa hiyo ruka moja au mawili upande mmoja, watu waone magurudumu uliyoyahangaikia.

Ukikwama kwenye bawaba za madigadi ya mbele, weka picha, na rula iwe kando ya kipande nijue ukubwa wake.