Mama Ana Tenzi Kashani na Hataki Zitajwe

SWALI: Somo, shikamoo. Mimi ni mtu wa Lamu ila niko Malindi kwa kazi. Tumezaliwa watatu, baba alifariki zamani, mama akatulea kwa kushona kofia za vito. Ni mtu wa maneno machache sana, ukimuuliza habari zake anakwambia "nina habari gani mimi, nashona tu." Sasa juzi kafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mimi na dada tukawa tunampangia chumba, ndani ya kasha chini ya vitambaa vya kofia tukakuta madaftari manne ya herufi za Kiarabu, tukadhani ni dua. Dada akasoma kidogo akasema hii si Kiarabu, ni Kiswahili, ni tenzi, na beti za mwisho zina jina la mama!

Hatujapoa, akaja mgeni kutoka Mombasa kumjulia hali, mtu mzima na ndevu zake, akakaa mkekani akalia. Kumbe alipokuwa mtoto wa miaka minne alianguka baharini kutoka kwenye dau wakitoka kisiwa cha Manda, watu wakabaki kupiga kelele na kutafuta kamba, mama akavua buibui akajitosa. Miaka yote hii hajatwambia! Kaka anataka kuposti kila kitu, dada anataka kitabu, mama anasema "yaateni hayo, nikifa yatieni moto." Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama pale pa buibui. Nyinyi mnaona ushujaa, na kweli ni ushujaa, lakini mama yenu huenda anakumbuka siku aliyoonekana na wanaume kichwa wazi na nguo zimemganda mwilini. Kwa mwanamke wa Lamu wa umri wake stara si jambo dogo, na alilijua hilo kabla hajaruka, akaruka. Kwa hiyo kaka yako asiposti, hiyo habari ina wenyewe wawili, mama na yule mtoto wa watu, nyinyi mmeisikia tu. Mwambieni faraghani kwamba mmejua na mmezidi kumheshimu, halafu mnyamaze, akitaka kusema atasema.

Tenzi ni jambo lingine, na hapo nina haraka kuliko nyinyi. Unajua kwa nini? Hizo herufi zikiandika Kiswahili cha zamani zinaficha sauti. Be moja inabeba b, p na mb, wau inakuwa u au o, ye inakuwa i au e, sasa neno lililoandikwa pale laweza kuwa bata, au pata, au mbata ya nazi, na anayejua ni lipi ni aliyeliandika. Isitoshe mama anaandika Kiamu, lahaja ya kwenu Lamu, akisema moya hamaanishi moyo, ni moja, mtu wa mbali akija kunakili "atamsahihisha" na vina vyote vitavunjika. Mkingoja mpaka hayupo mtabaki na karatasi nzuri ambazo hakuna wa kuzisoma sawasawa.

Kwa hiyo kitabu baadaye. Kwanza mama asome kwa sauti, nyinyi mrekodi kwa simu akikubali, dada aandike pembeni kwa herufi za kawaida. Utenzi una vipande vinne kila ubeti, mizani nane, yaani silabi nane, kila kipande, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinashika kina cha utenzi mzima. Ukihesabu ukapata saba jua umesoma vibaya, rudi kwa mama umuulize, na hayo maswali madogo madogo ndiyo yatakayomfungua kuliko kumwambia "mama wewe ni malenga."

Madaftari yapigeni picha karibu na dirisha mchana, msibandike selotepu pale palipochanika wala msiyafunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wetu wa pwani utayaozesha humo humo ndani.

Kuhusu moto, msimbishie na msimwahidi. Muulizeni aliandika kwa ajili ya nani. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimwandikia binti yake Mwana Hashima utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ulianza kama wosia wa mama kwa mtoto wake, na sisi tunao leo kwa sababu waliobaki nyuma waliushika. Mama yako anaijua habari hii vizuri kuliko mimi, mtajieni tu mwone atasema nini. Na mtu anayeweka jina lake kwenye beti za mwisho, mwanangu, mimi siamini kwamba anataka moto, naamini anaona haya. Lakini akisema hapana baada ya kuulizwa vizuri, basi ni hapana, yabaki kwenu watatu.

Ngojeni jicho lipone kwanza, asikazwe kusoma. Dada akae naye jioni akijifanya anajifunza kutia vito, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea, na wewe huko Malindi mpigie simu usiku umwombe ubeti mmoja tu wa kulalia.