Fidla ya Kijerumani ya babu: usikimbilie msasa

Ndugu, umeuliza kama uipige msasa na vanishi mpya kabla ya kuiuza, na kama karatasi ya ndani yenye jina la Stradivarius, yule fundi maarufu wa fidla wa Italia, na mwaka 1721 ni ya kweli. Msasa weka mbali kabisa! Vanishi ya zamani ni sehemu kubwa ya thamani, ukiikwangua, hairudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Nyufa mwachie fundi wa fidla anayetumia gundi ya ngozi ya wanyama, maana hiyo hufunguka tena bila kuumiza mbao. Gundi ya dukani ni balaa.

Karatasi hiyo isikupe presha. Viwanda vya Markneukirchen, mji wa Ujerumani wa watengeneza fidla, vilibandika jina hilo kwenye fidla nyingi mno, kama kutaja mtindo tu. Ikiwa imeandikwa pia Germany, basi huenda ni ya baada ya 1891, Marekani ilipodai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Chungulia ndani kwa tochi: vipande vya mbao kwenye kona vipo? Mstari mweusi wa ukingoni umepachikwa ndani ya mbao au umechorwa tu? Vipande visipokuwepo, au mstari ukiwa umechorwa, huenda ni ya bei nafuu. Tathmini iandikwe na mtu asiyetaka kuinunua.