Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Katika Mji wa Kale wa Ahmedabad

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mshonaji na muuza vitambaa hapa Jinja. Mwezi wa Novemba nitakwenda Surat, India, kununua mali pamoja na wafanyabiashara wenzangu wawili wa Kampala. Kazi yetu itakwisha Ijumaa mchana, na miadi inayofuata ni Jumatatu asubuhi, palepale Surat. Wenzangu wanataka tukimbie Agra tukaone Taj Mahal kisha turudi. Mimi pia natamani kuona mji wa kale, lakini nachelea uchovu na gharama. Unatushauri nini?
Mshonaji, Jinja

JIBU: Dada yangu wa Jinja, waambie wenzako kwa upole kwamba Agra haiko jirani na Surat kama inavyoonekana kwenye simu. Kwa reli ni takribani kilometa 1,000. Mtapanda treni Ijumaa, mtashuka Jumamosi na usingizi machoni, mtalitazama kaburi lile tukufu kwa saa chache katikati ya umati, na kabla viatu havijapoa mtakuwa mnatafuta treni ya kurudi. Taj Mahal inastahili safari yake yenyewe. Kwa muda mlio nao, nawashauri mwende Ahmedabad, mji wa jimbo hilohilo la Gujarat, ulio kilometa 230 hivi kaskazini mwa Surat, mwendo wa saa tatu hivi kwa treni ya kasi, na mkae hapo hapo siku zote mbili.

Ninalisema hili kwa sababu wewe ni mtu wa nguo. Ahmedabad ulianzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu enzi hizo uliishi kwa kusokota, kufuma, kutia rangi na kuuza nguo, na kiwanda chake cha kwanza cha kisasa cha pamba kilianza kazi mwaka 1861. Sisi Uganda tulianza kulima pamba kwa ajili ya soko mwaka 1903, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pamba yetu ilivuka bahari kwenda viwanda vya India. Wengi wa Wahindi waliochambua pamba hiyo na kufungua maduka Jinja, Mbale na Kampala, kisha wakafukuzwa mwaka 1972, asili yao ni jimbo hilo la Gujarat. Kwa hiyo mtakapokuwa mnatembea katika vichochoro vya Ahmedabad mtasikia maneno mliyozoea: gari, rangi, bangili, laki. Na ukimsalimu mwenye duka kwa kumwambia "kem chho", yaani "habari gani" kwa Kigujarati, uso wake utafunguka.

Tiketi za treni ndizo za kushughulikia kwanza. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na treni za mwisho wa juma hujaa upesi, kwa hiyo mwombeni mwenyeji wenu wa Surat awakatie tiketi za kwenda na kurudi mapema, katika behewa la viti lenye kiyoyozi. Nyumba ya kulala nayo ipangwe kabla ya kufika, na muulize waziwazi kama inapokea wageni kutoka nje ya India, kwa maana kila mwenye nyumba hutakiwa kuandikisha pasipoti za wageni wa namna hiyo kwa serikali, na baadhi ya nyumba ndogo hukwepa kazi hiyo. Mimi niliwahi kukataliwa mlangoni saa nne usiku, na begi mkononi, katika nyumba niliyokuwa nimekwisha kuilipia. Sitaki iwapate ninyi. Bebeni pia fedha taslimu kiasi, kwani wachuuzi wengi siku hizi hulipwa kwa simu kupitia akaunti za benki za India, ambazo mgeni hana. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano isibaki nyumbani: mtu atokaye Uganda bila kadi hiyo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo yenyewe lazima iwe imedungwa siku kumi au zaidi kabla ya kufika.

Mkifika Ijumaa jioni, pumzikeni kidogo kisha mwende Manek Chowk. Uwanja huu uko katikati ya mji wa kale na hubadilika mara tatu kwa siku: asubuhi ni soko la mboga, mchana ni soko la vito na dhahabu, na usiku majiko huwashwa, mabenchi yakapangwa, watu wakala mpaka usiku wa manane. Msile sana, kwa sababu Jumamosi mnaamka mapema.

Manispaa ya mji huo imekuwa ikiendesha matembezi ya urithi kwa miguu tangu mwaka 1997. Huanzia asubuhi katika hekalu la Swaminarayan la mtaa wa Kalupur, lililojengwa mwaka 1822, na huishia katika Msikiti Mkuu, yaani Jama Masjid. Jiungeni nayo, peke yenu mtapotea. Mtapita katika mitaa iitwayo pol, ambayo kila mmoja una lango lake, kisima au tangi lake la maji ya mvua chini ya sakafu za nyumba, hekalu lake dogo, na mnara wa kuwekea ndege nafaka. Nyumba zimebanana, mbao zake zimechongwa maua, tausi na tembo, na njia nyingine ni nyembamba hata watu wawili hupishana kwa adabu. Wakazi wanaishi humo hadi leo, wanafua, wanapika, wanagombana. Kwa hiyo usipige picha kibarazani mwa mtu bila kumwomba. Msikiti Mkuu wenyewe ulikamilika mwaka 1424, una nguzo 260 na makuba 15, na ukisimama ndani yake utaona jinsi mafundi waliozoea kujenga mahekalu walivyotumia ufundi uleule kumjengea sultani msikiti. Hatua chache kutoka hapo kuna makaburi ya malkia, Rani no Hajiro, ambayo yamezungukwa na wauza nguo za harusi, nyuzi na vipande vya vioo vya kutarizia. Hapo nakujua, dada yangu: wenzako watakungoja sana.

Mchana pumzikeni. Kisha, jua linapoanza kuelekea magharibi, nendeni kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, nao umezungukwa na barabara zenye kelele nyingi, lakini kama ningeruhusiwa kuona kitu kimoja tu Ahmedabad, ningechagua huo. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573, mwishoni kabisa mwa utawala wa masultani wa Gujarat, kabla mfalme Akbar hajaitwaa nchi yao. Mjenzi wake, Sidi Saiyyed, alikuwa mtu mwenye asili ya Uhabeshi. Jina hilo la Sidi lilitumika kwa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa na askari, na baadhi yao walipanda wakawa makamanda na matajiri katika dola za India. Wazao wao wangalipo Gujarat mpaka sasa. Katika ukuta wa magharibi kuna madirisha ya nusu duara yaliyochongwa kwa jiwe, na moja lina mti ambao matawi yake yanajisokota na kuingiliana bila kukatika, hata jiwe limekuwa kama lesi. Wewe uliyewahi kushona lesi kwenye gomesi ya bibi harusi utaelewa upesi kuliko mimi kazi iliyomo. Mwanga wa alasiri hupenya katika matundu hayo, na mchoro huo umekuwa nembo ya mji mzima. Ninawaomba sana Waafrika wenzangu wanaopita Ahmedabad wasiondoke bila kusimama mbele ya dirisha hilo, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba mkono wetu ng'ambo ulibeba mizigo tu, ilhali pale upo mti wa jiwe unaosema mengine. Vueni viatu, vaeni nguo za kusitiri, na mkiombwa kama wanawake msiingie kwenye ukumbi wa swala, tiini. Madirisha yanaonekana vizuri kutoka uani.

Jumapili asubuhi nendeni kwenye makazi ya Mahatma Gandhi kando ya mto Sabarmati. Kuingia ni bure. Aliishi hapo kuanzia mwaka 1917 hadi tarehe 12 Machi 1930, alipotoka kwa miguu na wafuasi wake kuelekea pwani ya Dandi, mwendo wa siku 24 na zaidi ya kilometa 380, kwenda kuvunja sheria ya Waingereza ya kodi ya chumvi. Njia yao ilipita Surat, mji mtakaotoka ninyi. Chumba chake ni kitupu kabisa, kina kidawati cha chini na gurudumu la kusokotea uzi. Ninyi wa Jinja mna sababu ya pekee ya kufika, kwani sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948 kwenu, kwenye chanzo cha mto Nile, na sanamu yake mnapita karibu nayo mara kwa mara. Soko la Jumapili la ukingoni mwa mto, liitwalo Gujari, liko njiani. Vitu vilivyotumika, vitabu na zana hutandazwa chini, na aliyezoea soko la Owino la Kampala hatahitaji kuelekezwa.

Baada ya hapo kodini gari hadi Adalaj, kilometa 18 hivi kaskazini. Huko kuna kisima cha ngazi kilichokamilika mwaka 1499. Sisi tuliozaliwa karibu na ziwa kubwa hatujui maana ya nchi ambayo mvua hunyesha miezi michache tu, kisha maji hujificha chini ya ardhi. Watu wa Gujarat waliyafuata hukohuko: walichimba ghorofa tano kwenda chini, wakaweka ngazi, nguzo na vibaraza vya kupumzikia, na kila hatua unayoshuka hewa inazidi kupoa. Wasafiri na wanawake waliochota maji walikuwa wakikaa humo saa za joto. Kisima hicho kinahusishwa na malkia Rudabai, na hadithi inayosimuliwa na wenyeji ni ya huzuni: mumewe alikufa vitani, sultani aliyemshinda akataka kumwoa, malkia akakubali kwa sharti kwamba kisima kikamilishwe kwanza, na kilipokwisha akajitupa ndani. Jioni rudini stesheni.

Nina maonyo mawili. Diwali huangukia mwezi wa Oktoba au Novemba, na baada yake huja mwaka mpya wa Kigujarati, ambapo wafanyabiashara hufunga maduka siku kadhaa, wengi mpaka siku ya tano iitwayo Labh Pancham. Tazameni kalenda kabla ya kulipia ndege, maana sikukuu hiyo inaweza kuharibu hata safari yenu ya Surat. La pili ni makumbusho ya nguo yaitwayo Calico, yaliyoanzishwa mwaka 1949, yenye nguo za kale ambazo ungetamani kuzishika. Huwezi kuingia kwa kubisha hodi. Lazima uandikishe jina mapema. Andikeni sasa, na mkipata nafasi ya Jumamosi, acheni mapumziko ya mchana au hata matembezi ya asubuhi kwa ajili yake.

SWALI: Nilimsikia rafiki yangu akiitaja Ahmedabad. Mimi ni Mwislamu, nakula nyama, na watu wanasema huko ni majani matupu. Je, ni kweli?
Mwanafunzi, Bombo

JIBU: Mdogo wangu, wengi wa wenyeji hawali nyama, na mikahawa mingi haiipiki kabisa, lakini mji una Waislamu wengi na misikiti ya kale karibu kila mtaa wa zamani. Karibu na lango la Teen Darwaza kuna kichochoro kiitwacho Bhatiyar Gali ambako nyama ya halali hupikwa kwa masufuria makubwa. Hata hivyo nakusihi ule walau mlo mmoja wa thali, yaani sinia lenye vibakuli vya dengu, mboga, mtindi, wali, chapati na kitu kitamu, ambavyo huongezwa mpaka useme basi. Wagujarati hutia sukari kidogo hata katika mchuzi, usishangae. Pombe ni marufuku kisheria katika jimbo hilo, jambo ambalo wewe halikusumbui. Lakini waonye wenzako wasibebe chupa begini.

SWALI: Ninampeleka mama India kwa matibabu, naye angependa kuuona mji huo wa Ahmedabad akipata nafuu. Ana umri wa miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza?
Binti yake, Mbale

JIBU: Kwanza daktari wake aridhie. Akiridhia, mwepushe mama na matembezi ya asubuhi katika pol, kwa kuwa njia zake zina vidaraja, pikipiki na ng'ombe, na asishuke Adalaj. Akae juu kwenye kivuli huku wewe ukishuka upesi. Makazi ya Gandhi yana uwanja tambarare wenye miti, na msikiti wa Sidi Saiyyed hufikika kwa bajaji mpaka karibu na lango. Nendeni kati ya Novemba na Februari, kwa sababu kuanzia Aprili joto hupita nyuzi 40. Mkichagua Januari, jueni kwamba tarehe 14 ni sikukuu ya vishada: nyumba za wageni hujaa, paa zote hujaa watu, na nyuzi za vishada hupakwa unga wa kioo, kwa hiyo siku hiyo mama asipande chombo kilicho wazi. Atavifurahia zaidi akiwa ameketi mahali anapoliona anga.