Mikono kutetemeka saa tano asubuhi: ni msongo au ni njaa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu Mbagala, Dar es Salaam, nina miaka 29. Asubuhi nakunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili, kisha nafungua kibanda. Ikifika saa tano mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, na mteja akiuliza kitu kidogo tu nawaka. Nakunywa enaji, natulia. Chakula nakula saa kumi jioni, na usiku usingizi hauji. Wenzangu wanasema ni msongo wa mawazo. Je, chakula kinahusika?

JIBU: Nzuri, dada. Kinahusika, tena sana.

Ukishtuka, tuseme umehesabu droo ukakuta pesa pungufu, tezi mbili zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, na dakika chache baadaye kotisoli. Moyo unaongeza kasi na ini linaachia sukari lililoihifadhi, ili upate nguvu ya haraka. Homoni hizo hizo ndizo mwili huzitumia kuinua sukari ya damu inaposhuka. Ndiyo maana njaa na hofu huleta dalili zinazofanana: kutetemeka, jasho, mapigo ya mbio, hasira za karibu.

Sasa tazama kifungua kinywa chako. Unga mweupe na sukari humeng'enywa upesi. Sukari ya damu hupanda, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hutoka kwa wingi, na saa mbili tatu baadaye, kwa baadhi ya watu, sukari hushuka chini ya ilipokuwa kabla ya kula. Kwa asiye na kisukari mara nyingi haifiki kiwango cha hatari, lakini inatosha kukufanya uhisi njaa na mwili kukosa utulivu. Hapo ndipo anapofika mteja anayedai muamala wake haujaingia.

Enaji inakutuliza kwa sababu ina sukari, na papo hapo inakuchochea upya. Kopo la mililita 250 la aina nyingi lina kafeini miligramu 80 hivi na sukari gramu 27 hivi; soma lebo ya unayokunywa wewe. Kafeini yenyewe huongeza adrenalini. Tena huchukua kama saa 5 mpaka nusu yake iishe mwilini, kwa hiyo ukinywa nyingine alasiri, unapanda kitandani nayo. Usingizi ukikatika, kotisoli huchelewa kushuka jioni inayofuata, na hamu ya vitu vitamu huongezeka.

Ningeanza na asubuhi. Maandazi mawili yawe moja, uongeze yai la kuchemsha au maharage. Au uache maandazi kabisa, ule kiazi kitamu na yai, au uji wa ulezi uliotiwa karanga. Protini na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Sukari ya chai ishuke kidogo kidogo. Kibandani weka karanga na ndizi, ule saa nne kabla mwili haujaanza kudai. Mchana usivuke saa saba: mama ntilie akupunguzie wali, akuongezee maharage na mchicha. Enaji usiikate ghafla, kichwa kitakuuma siku kadhaa. Punguza taratibu, na baada ya saa sita mchana usiiguse.

Chai usinywe pamoja na chakula, subiri saa moja hivi, kwa sababu huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na moyo kwenda mbio, na wanawake wengi huambiwa ni msongo tu.

Vidonge vya "kushusha kotisoli" vinavyouzwa mitandaoni, achana navyo.

Floti, yaani pesa ya kuendeshea kibanda, ikipungua, sahani ya maharage haitaijaza, na hilo linahitaji mazungumzo na tajiri wako. Fuata ratiba hii wiki mbili au tatu. Hali ikibaki vilevile, au moyo ukienda mbio hata umeshiba na umepumzika, nenda kituo cha afya wakupime sukari, wingi wa damu, shinikizo la damu na tezi ya shingo. Ukizimia au kifua kikibana, nenda siku hiyo hiyo.