Anti wa Jikoni: Uyoga Wangu Unatoa Maji Kopo Zima

Wiki hii karibu maswali yote yamekuja upande mmoja, wale walioamua kula vegani (yaani hakuna nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali) na wanataka chakula cha nyumbani kiwe na hadhi ya kumwekea mgeni mezani bila aibu. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanalegea yenyewe.

Anti shikamoo. Nimeacha nyama na maziwa miezi mitano sasa na sirudi nyuma, ila watu wanaposti misahani kama ya hotelini, mi nikipika uyoga unatoa maji kopo zima halafu unakuwa kama mpira uliochemshwa. Nimetupia viungo vyote nilivyonavyo na bado. Nakosea wapi? – Mpishi Mchanga

Marahaba mwanangu. Weka viungo pembeni kwanza, kosa liko kwenye kikaango. Uyoga karibu asilimia 90 yake ni maji, sasa wewe umeujaza mpaka juu, ukatia chumvi mwanzoni kabisa, na chumvi nayo kazi yake ni kuvuta maji nje, basi hapo hukaangi tena, unachemsha. Na kitu kikiwa kinachemka kwenye maji hakipandi juu ya nyuzi 100, wakati ile rangi ya kahawia yenye harufu inayofanya jirani achungulie dirishani inataka nyuzi kama 140 kwenda juu. Mfaransa mmoja mwanakemia, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza mwaka 1912 jinsi sukari na amino asidi (vile vipande vidogo vinavyojenga protini) zinavyoshikana kwenye joto, na wapishi mpaka leo wanaita kitendo hicho kwa jina lake. Wengi wanadhani ni mambo ya nyama tu, wapi! Uyoga unayo, koliflawa inayo, hata kabichi, mradi maji yatoke kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kikaango kipana, kizito, kipate moto sawasawa. Mwaga uyoga ukae safu moja, usipandiane, ukiwa mwingi pika mara mbili, najua inachosha lakini ndo hivyo. Usitie mafuta bado, usitie chumvi. Utasikia unalia, yaani ile sauti ya chwiii maji yakitoka na kukauka, we uache tu usiushike na mwiko kila dakika. Sauti ikibadilika ikawa ya kupasukapasuka kavu, hapo sasa tia mafuta vijiko viwili, ukandamize kidogo na mgongo wa kijiko ushikane na chuma, uache tena mpaka upande wa chini uwe rangi ya karanga iliyokaangwa. Geuza. Mwishoni kabisa kitunguu saumu, nusu dakika tu kisije kikaungua kikawa kichungu, halafu soya sosi kijiko kimoja na matone ya limao. Na usiogope kuupika sana, uyoga si kama mboga nyingine, kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitu kigumu kinaitwa kitini, ambacho hakiyeyuki kwa joto la jikoni, kwa hiyo hata ukipitiliza dakika kumi hausagiki.

Haya niliyajifunza kwa aibu. Niliwahi kualika wageni sita nikapika uyoga kilo nzima kwenye kikaango kimoja, nikaishia kuwapa supu ya kijivu na kuwaambia ndivyo inavyotakiwa kuwa. Walikula kimya. Kimya kile nakikumbuka mpaka leo.

Koliflawa ni hivyohivyo, ila oveni, nyuzi 220, vipande vikavu kabisa vimepakwa mafuta na vimepeana nafasi, dakika 25 mpaka 30. Biringanya usiifanyie ubahili wa moto, ikipikwa nusu inakuwa kama sifongo mdomoni.

Anti, rangi ya kahawia naipata, lakini mchuzi wangu hauna kina, unaonja halafu basi umeisha. Kwenye nyama sikuwa na tatizo hili.

Ulichokipoteza kina jina, umami, yaani ile ladha nzito ya kama supu ya nyama inayobaki mdomoni. Mjapani Kikunae Ikeda alikitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa kombu, akakuta ni glutamati, aina ya amino asidi. Sasa habari njema ni kwamba glutamati imejaa kwenye mimea: nyanya hasa ile nzito ya kopo, soya sosi, miso (rojo zito la chumvi la soya iliyochachushwa), uyoga. Na kuna siri ya pili ambayo watu wanairuka, uyoga mkavu wa shitake una kitu kingine kinaitwa guanilati, kikikutana na glutamati ladha haijumlishwi, inazidishwa. Ndo maana mwani wa kombu na shitake kwenye sufuria moja vinakupa supu ambayo mtu anauliza mara mbili kama kweli hakuna mfupa humo.

Kwa mchuzi wa kila siku huhitaji hata mwani. Kaanga kitunguu taratibu mpaka kiwe cha dhahabu iliyokolea, dakika 20 hivi, ukiona mtu anakwambia dakika tano ujue anakudanganya. Tia vijiko viwili vya nyanya ya kopo ukaange mpaka igeuke kutoka wekundu wa kung'aa kwenda wekundu wa tofali na ianze kushika chini, hapo ndo unamwaga maji uliyolowekea shitake (chuja, mchanga unakaa chini) na kukwangua kile kilichoganda. Ukionja na bado unahisi kuna kitu kimepungua, usikimbilie chumvi, jaribu siki kijiko cha chai. Mara nyingi sana mchuzi wa mboga unaosemwa hauna chumvi kumbe hauna uchachu.

Naomba sosi nzito nyeupe ya pasta isiyo na maziwa, na isiwe na ladha ya nazi maana nimechoka na nazi.

Korosho mbichi, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Kikombe kimoja, chemsha dakika 15 mpaka ukibonyeza kwa kidole inakubali, mwaga hayo maji, saga na maji mapya robo tatu kikombe, chumvi, limao, na miso kijiko kama unayo. Usagaji ndo kila kitu. Chukua tone, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ukihisi chembe kama mchanga rudisha kwenye blenda hata kama mkono umechoka. Ukiipasha usiiache mbali, inaganda haraka, kaa na maji ya pasta karibu uilegeze.

Eti kweli maji ya dengu yanaumuka kama ute wa yai? Rafiki yangu kaniapia.

Kweli kabisa, na mimi nilicheka kabla sijajaribu. Ni yale maji mazito ya kopo la dengu, zile nene za mviringo zenye kamdomo. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha mwaka 2014 kwamba yanapigika mpaka povu linasimama. Vijiko vitatu vya chakula ni kama yai moja. Bakuli lisiwe na hata alama ya mafuta, tia matone ya limao, piga na mashine dakika kama kumi, sukari uingize kidogokidogo. Ukichemsha dengu mwenyewe, punguza maji motoni mpaka yawe mazito kama ute. Ila usije ukajaribu kukaanga omleti nayo, hayana protini ya kutosha kushikana, utalia.

Mume wangu anakula vizuri, anasifia, baada ya saa moja namkuta anatafuta mkate. Halafu dada yake kasema nitaugua. Nifanyeje anti?

Wifi hajakosea kabisa, tuanze naye: vitamini B12 inatengenezwa na bakteria na kwenye mimea huwezi kuitegemea, kwa hiyo anayekula vegani anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa hiyo vitamini. Kipimo muulizeni daktari, msibuni.

Kuhusu mkate, angalia sahani yako. Naamini ni mboga nzuri tupu. Mboga hazikai tumboni bwana, weka kunde au dengu chini kabisa, mboga zije juu, na mafuta yaonekane. Au tofu (ile kama jibini ya maziwa ya soya): igandishe kwenye friza usiku kucha, iyeyushe, ikamue kwa viganja viwili kama unavyokamua sponji ya vyombo, maji yatatoka mengi mpaka ushangae, halafu irarue kwa mikono usikate na kisu. Imejaa vitundu sasa, itafyonza huo mchuzi wa shitake wote, na zile kingo zilizoraruka zikikutana na kikaango zinakauka na kuwa za kutafuna hasa. Mpe hiyo leo usiku, kisha uniandikie kama mkate umeguswa.